Maziwa Yasiyo na Maki

Wiki iliyopita nilikabidhi ufunguo wa ofisi yetu ya mizigo hapa Tianxiu Dasha, Guangzhou, jengo ambalo kila mwenye duka Kariakoo au Darajani analijua hata kama hajawahi kupanda ndege. Vijana mnaobaki mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nadhani mlitaka orodha ya mambo ya kufanya na ya kutofanya. Mimi si mtu wa orodha. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na siku moja niliyoharibu kwa kufanya kazi yangu vizuri.

Nilifika Guangzhou nikitokea Wete, nina Kiswahili changu, Kiarabu cha chuo cha Kurani na Kichina cha kuagiza wali. Siku ya kwanza nilivaa suruali ya kitambaa na shati jeupe, kwa sababu niliambiwa nimeajiriwa ofisini. Kufika, nikakabidhiwa bunda la utepe wa gundi na kalamu nene ya kuandikia maboksi, nikashushwa stoo. Shati lile sikulivaa tena mpaka sikukuu.

Stoo nilimkuta Lao Huang. Hilo "Lao" ni heshima ya mtu mzima, kama sisi tunavyosema Mzee, lakini nilikaa miezi miwili nikidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mkantoni, mwenyeji wa huku Guangzhou, mwembamba, mkali, na Kiswahili chake alikiokota kwa wateja, neno hapa neno pale. Boksi likipita mbele yake halijaandikwa kitu, analipiga kofi: "Maki wapi? Maki wapi?"

Maki mnaijua, lakini nawaandikia na wale watakaokuja baada yenu. Ni zile herufi tunazoandika ubavuni mwa boksi: alama ya mteja na mji wake. Ndani ya kontena mna maboksi maelfu, yote ya rangi moja, na bandarini hakuna atakayefungua kuangalia mabegi ya nani na madaftari ya nani. Boksi lenye maki lina mwenyewe. Lisilo na maki, atakayeliwahi ndiye mwenyewe.

Jambo la pili alilonifundisha Lao Huang ni hewa. Aliichukia hewa kama mdai. Boksi lililojaa nusu kwake lilikuwa aibu ya mpakiaji: linabonyea, linapasuka, linakula nafasi bure. Kwa hiyo tukipata wateja wawili wenye vimizigo vidogo, tunaviunganisha, cha huyu na cha yule ndani ya boksi moja, kila kifurushi na maki yake. Kuunganisha huko kukawa ndiko kusifika kwangu. Wateja walikuwa wakisema Mzee Kombo anaweza kulipakia soko zima ndani ya sanduku la viatu. Nilikuwa nikiyakanusha maneno hayo kwa upole, huku nikisubiri yarudiwe.

Sasa nije kwa Zuhura.

Zuhura alikuwa mfanyabiashara wa mabegi kutoka Dar es Salaam, mteja wetu wa miaka. Safari hiyo alikuja na mwenzake, Mwanaidi, mama wa Tanga aliyekuwa ananunua vifaa vya shule na vitu vya kuchezea kule mtaa wa Yide Lu. Walikuwa wamezoeana katika safari hizi za kununua bidhaa, wakachukua chumba kimoja hotelini Xiaobei ili wasaidiane kubeba na kulalamika. Siku ya pili tu Zuhura akaja mezani kwangu, akasogeza kiti karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mzee Kombo, hapa ofisini mna friji?"

"Tunayo. Unataka maji?"

"Nina mzigo wa baridi."

"Samaki?"

"Maziwa, mzee."

Nikamweleza kwa kirefu kwamba maziwa ya unga ya watoto hatupakii bila vibali, na kwamba hata akiwa na vibali asinunue makopo ya barabarani. Nilizungumza vizuri sana. Aliniacha nimalize, kisha akatazama sakafu.

"Si ya dukani," akasema.

Nina watoto wanne na wajukuu, na bado masikio yaliniwaka moto. Mtoto wa kwanza wa Zuhura, Nasra, alikuwa na miezi mitano, amebaki kwa bibi yake Dar. Kabla ya kuondoka alikuwa amekamua na kugandisha maziwa ya kutosha siku zote za safari na wiki moja ya akiba. Huku naye alikamua kila baada ya saa chache, mchana na usiku, yasije yakakauka, na hakutaka kuyamwaga. Mtoto yule maziwa ya kopo hayataki kabisa. Wamejaribu aina tatu, zote anatema na kugeuza uso ukutani. Friji ya hoteli ilikuwa ya kupozea soda tu.

Mwanaidi naye alikuwa ananyonyesha. Wa kwake alikuwa mvulana wa miezi minane, wa tatu kuzaliwa, wote wa kiume. "Huyu wangu anakula uji, ndizi, na kitu chochote kilichoanguka chini," alisema akicheka. "Mimi nakamua kwa ajili ya kifua changu tu, shoga, na kwa vile naona dhambi kumwaga."

Friji ya ofisi ilikuwa na friza yenye droo mbili. Nikaondoa baozi za Lao Huang, yale maandazi yake yenye nyama ndani, nikampa Zuhura droo ya juu na Mwanaidi droo ya chini. Nilitegemea ugomvi. Lao Huang alipoelezwa kilichowekwa pale aliandika karatasi kwa Kichina, akaibandika mlangoni. Tangu hapo akija mtu kutafuta barafu, Lao Huang anasimama mbele ya friji na kusema "Meiyou! Meiyou!", yaani hakuna, hata kabla hajaulizwa. Keshokutwa yake akaja na chombo cha supu aliyopika mkewe, ya samaki na papai bichi.

"Hii maziwa mingi," akamwambia Zuhura, akionesha kwa mikono mpaka mimi nikageukia dirishani.

"Ni samaki tu, laoban? Hamna nguruwe?" Zuhura akauliza, akimwita bosi kama wanavyosema huku.

"Samaki tu! Nguruwe meiyou!"

"Kwetu tungepewa uji wa pilipili manga," Zuhura akasema, lakini aliinywa yote, na kesho yake akaulizia nyingine.

Mifuko waliinunua pamoja, duka moja, aina moja, ya plastiki yenye mdomo wa kubana. Kila mmoja alikuwa akiandika juu yake tarehe na saa ya kukamua. Jina hawakuandika, maana kila mtu na droo yake. Mimi niliyepiga maboksi makofi miaka yote hiyo niliiona mifuko ile kila asubuhi, na swali la maki halikunijia kinywani hata mara moja. Sikuihesabu kuwa mzigo. Nadhani niliiona kama kitu cha kike ambacho mwanamume mwenye adabu hakiangalii sana.

Safari ilitakiwa iwe ya siku kumi na mbili. Lakini kiwandani Shiling, mji wa mabegi, walikosea zipu. Mzigo mzima wa Zuhura ulitoka na zipu zinazofungukia nyuma, na laoban wa kiwanda akawa anamwambia ndiyo fasheni. Zuhura akawa anakwenda na kurudi kwa gari la kukodi, mashine ya kukamulia mapajani, mtandio juu yake, dereva amefundishwa kutogeuza kioo. Siku sita zikaongezeka. Mwanaidi aliyemaliza mambo yake mapema alibadilisha tiketi akamsubiri. Kule Dar bibi alianza kuhesabu mifuko kwenye simu: imebaki kumi na minane, imebaki kumi na mmoja. Nilimwona Zuhura akiusoma ujumbe ule amesimama katikati ya ngazi, watu wanampita huku na huku.

Siku ya kuondoka ndege ilikuwa ya alasiri. Mimi niliwahi ofisini saa moja asubuhi kuwapakia. Lao Huang alikuwa ameniletea maboksi mawili ya povu, yale wanayosafirishia lichi msimu wa joto. Lichi ni ndugu yake shokishoki, na watu wa huku huipeleka mikoa ya mbali kwenye boksi la povu na chupa za barafu ikafika kama imechumwa leo. Kanuni ni ileile ya kupambana na hewa: mzigo ugande kwanza mpaka uwe jiwe, uzungushiwe magazeti, barafu chini na juu, na pasibaki tundu la kupitisha kidole. Hewa ikipata nafasi, inayeyusha.

Nikatoa droo ya juu, nikapanga kwenye boksi la kwanza. Halikujaa. Nikatoa ya chini, nikapanga kwenye la pili. Nalo halikujaa. Maboksi mawili nusunusu! Nikayatazama, na mikono yangu ikafanya ilichozoea kufanya. Niliunganisha. Mifuko yote nikaitia boksi moja, mikubwa chini, midogo juu, ya pembeni nikaisimamisha wima. Ikaingia yote kama iliyopimwa. Nikafunga, nikazungusha gundi, nikaligonga kwa vidole likatoa sauti ya kigogo. Sijawahi kupakia boksi zuri namna ile, na hilo nalisema hata leo.

Saa nne kasoro wakaja na mabegi yao ya safari.

"La kwangu lipi, mzee?" Zuhura akauliza.

"Lenu hilo hapo. Moja tu. Nimewaunganishia."

Alitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka polepole. "Umetenganisha humo ndani lakini? Yangu na ya Mwanaidi?"

Nikaanza kubandua gundi kwa kucha.

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu, neno moja. Kwa tulivyofundishwa chuoni, mtoto asiyefika miaka miwili akinyonya maziwa ya mwanamke mara tano za kushiba, huyo mwanamke ni mama yake. Watoto wake ni ndugu zake, na ndugu hawaoani. Haijalishi yametoka titini au kwenye chupa. Si jambo la kulijua baadaye. Kuna ndoa zimevunjika watu wana watoto, kwa sababu bibi fulani alikumbuka kitu siku ya msiba. Ndiyo maana kwetu mama hamnyonyeshei mwenzake mtoto kwa huruma tu. Anauliza, anatangaza, watu wanaweka akilini.

"Mzee Kombo," Zuhura akasema, na sauti ikapanda, "umenichanganyia mtoto!"

Tukalifungua boksi. Tarehe zilikuwa zilezile, kwa vile walikamua siku zilezile. Saa zilikaribiana. Mwandiko ulikuwa tarakimu tu, na wino ulikuwa umelowa baridi. Zuhura alitambua mifuko sita kwa sababu aliijaza Shiling na kuiandika kwa kalamu ya kijani ya kiwandani. Iliyobaki aliigeuza na kuigeuza. Lao Huang hakuelewa ugomvi lakini alielewa joto. "Haraka! Haraka!" akapiga kelele, akaikusanya mifuko yote, akairudisha friza, akauegemea mlango kwa mgongo.

Zuhura akakaa juu ya mzigo wa madaftari akalia waziwazi. Mifuko sita ni siku moja na nusu. Na yeye mwenyewe, kwa zile safari za Shiling na mawazo, maziwa yalikuwa yamepungua, siku mbili zile alikuwa anatoa kidogo mno. Alikuwa anategemea hiki kilichoganda kimvushe mpaka kifua kirudi. "Nitamwambia nini mtoto?" alikuwa akirudia. "Nitamwambia nini?" Mimi nilisimama na bunda langu la gundi mkononi. Nimewahi kupoteza kontena zima la vigae, na sikujisikia kama nilivyojisikia asubuhi ile.

Mwanaidi ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa anazungusha pete yake.

"Wangu haihitaji," akasema. "Ichukue yote."

"Shoga, si suala la kuhitaji..."

"Najua suala lake. Nasema ichukue yote, na Nasra awe mwanangu. Kadi yangu ya kliniki ninayo kwenye simu, vipimo vyote safi, utaiona. Mpigie mumeo. Na mimi nampigia wangu."

Huku ilikuwa saa nne, kwetu alfajiri, watu ndio wametoka kuswali. Wakaweka simu juu ya meza yangu, sauti imefunguliwa. Nimeshahudhuria posa nyingi maishani, nimeshapelekwa kuwa mshenga mara tatu. Hii ilikuwa posa ya kuzuia ndoa.

Mumewe Zuhura alisikiliza, akakohoa. "Huyo mwenzio ana watoto wa kiume wangapi?"

"Watatu."

"Wa umri gani?"

"Mume wangu, umri wa nini? Hatuolewi nao tena!"

"Ndiyo nauliza. Najua tunaacha nini."

Mwanaidi akainamia simu. "Shemeji, mkubwa ana bidii ya shule, wa kati ni mvivu, mdogo anauma. Hujapoteza kitu."

Akacheka, yule bwana. Mume wa Mwanaidi kule Tanga alikubali kwa maneno machache, akisema nyumba yake haijawahi kuwa na mtoto wa kike na hata wa maziwa anapokelewa. Wakaanza kuulizana koo, nani ni nani, babu wa nani alitoka Pangani, kama vile tuna siku nzima. Hapo ikaingia sauti ya bibi, ambaye nadhani alimpokonya mwanawe simu.

"Nyie! Imebaki mifuko minne huku, na mtoto analia. Mnazungumzia harusi ya mtu asiye na jino? Huyo mama ni mzima? Anasali?"

"Ndiyo, mama," tukajibu sote, pamoja na mimi ambaye sikuulizwa.

"Basi leteni maziwa!"

Nikapakia upya, na safari hii niliuliza kila hatua, mpaka Mwanaidi akaniambia mzee, sasa paki tu. Lao Huang aliandika ubavuni kwa Kichina, herufi kubwa, kwamba ni maziwa ya mama. Sijawahi kusindikiza mzigo wa mteja hadi uwanja wa ndege, wala sisemi mfanye hivyo, lakini siku ile nilikwenda, boksi mapajani. Yule dada wa kaunta alilisoma, akainuka kwenye kiti chake, akalishika kwa mikono miwili na kuliweka mwenyewe. Wakapita. Nilirudi mjini kwa treni ya chini nikiwa na njaa, nimefurahi, na bado nina aibu.

Ujumbe wa Zuhura ulikuja kesho yake: yamefika yamegandamana, jiwe. Picha ilimwonesha bibi amelikumbatia boksi kama amemkuta ndugu aliyepotea. Nikamwonesha Lao Huang. Akaikuza picha, akakagua pembe za boksi kwanza, kisha ndipo akamtazama mtoto.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe Mwanaidi hakuridhika. Mifuko haikuwa na jina, akasema, na nani atajua Nasra amekunywa ya nani mara ngapi? Huenda alikunywa ya kwake mara tano, huenda mara mbili. Yeye hakutaka mtoto wa shaka. Kabla ya kurudi Tanga alihamia kwa bibi pale Dar pamoja na mwanawe mdogo aliyeletwa kutoka Tanga, akaomba ruhusa, na Zuhura akampa. Akamnyonyesha mwenyewe, mbele ya bibi na jirani mmoja, ili wawepo wa kukumbuka. Kila mara alinitumia neno moja kwa simu. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu alisema mtoto alimng'ang'ania mtandio. Ya nne ilichelewa, mtoto alikuwa na mafua, nami nikawa naitazama simu yangu kama kijana aliyechumbia.

Ya mwisho ilikuja mchana, napima maboksi ya viatu. Ilikuwa ya sauti. Mwanzo sikusikia kitu, nikaiweka karibu na sikio: mtoto anameza, anapumzika, anameza tena. Halafu sauti ya Mwanaidi, ya chini, ya mtu asiyetaka kuamsha.

"Ya tano, mzee. Kalala hapa hapa kifuani kwangu."

Nikaweka chini mizani, nikafuta macho, nikamwandikia: Hongera kwa kujifungua.